Folda moja, bildi mbili: jinsi toleo la kijani lilivyobeba faili la tawi lingine

Hiki ni kisa cha timu ambayo nilikuwemo. Majina ya watu, ya wateja na ya mfumo wenyewe nimeyatoa, na majina ya folda nimeyabadilisha ili yasimtambulishe mtu. Mambo ya kiufundi nimeyaacha kama yalivyokuwa manake hapo ndo kwenye kisa chenyewe. Nimekieleza kwa kirefu kwa sababu kosa ukiliangalia ni dogo sana, ni mstari mmoja kwenye setingi za ajenti ya bildi (programu inayovuta kodi na kuijenga iwe mfumo kamili), lakini lilikaa miezi mitano bila mtu kuliona, na kila hatua tuliyopiga hapo katikati ilikuwa na sababu nzuri kwa wakati ule.

## Mazingira

Timu ilikuwa na madevelopa sita, mtu mmoja wa kutesti, na mimi ambaye nusu ya siku naandika kodi na nusu nyingine nashika bildi. Kodi ilikaa kwenye Team Foundation Server 2010 (seva ya Microsoft ya kutunza na kubildi kodi), na matoleo yake yalitunzwa kwa ule mfumo wake wa asili, sio Git. Mashine ya bildi ilikuwa moja ya Windows, ina ajenti moja. Mradi ulikuwa wa C#, solusheni (kifungu cha projekti zinazobildiwa pamoja) moja kubwa yenye projekti kama 40.

Kwenye seva kodi ilipangwa hivi: `$/Mfumo/Main` ndo kazi mpya inaendelea, `$/Mfumo/Matengenezo` ni tawi (nakala ya kodi inayoendelezwa kivyake) la toleo ambalo wateja wanalo tayari, `$/Mfumo/Pamoja` ni maktaba zinazotumiwa na matawi yote mawili, `$/Mfumo/Zana` ni vifaa vya kubildi, na `$/Mfumo/Nyaraka` ilikuwa na kila kitu ambacho mtu hakujua akiweke wapi, michoro, video za mafunzo, mainstola ya zamani.

Kwa ambaye hajawahi kutumia mfumo huu kuna jambo moja lazima liingie kwanza, la sivyo kisa chote kitampita. Ukitaka kuvuta kodi unatengeneza eneo la kazi. Eneo la kazi lina jina, lina mwenyewe, lina kompyuta, na ndani yake kuna orodha ya kumapu, yaani unaiambia seva kwamba folda hii ya kwako itakaa kwenye folda hii ya diski yangu. Hiyo orodha inatunzwa kwenye seva. Na seva inakumbuka pia kila faili umeshavuta toleo gani, ukivuta tena inakuletea tofauti tu. Sasa ukienda kwenye diski ukafuta folda kwa mkono, seva haina habari. Ukivuta inakujibu kwamba kila kitu uko nacho, na folda inabaki tupu mpaka uilazimishe kuleta upya. Kuna kumbukumbu ya seva na kuna hali halisi ya diski, hivi ni vitu viwili, na vinaweza kuachana bila mtu kuambiwa.

Sheria nyingine ni kwamba folda moja ya diski haiwezi kumapiwa kwenye maeneo mawili ya kazi kwenye kompyuta moja, hata kama wenyewe ni watu tofauti. Sheria hiyo ipo kwa sababu nzuri sana, na sisi tulitumia miezi kupigana nayo.

## Mambo yalivyokwenda

Mwanzoni kulikuwa na definisheni moja tu ya bildi (setingi za nini kibildiwe na vipi), ya Main. Ajenti ikisimikwa inakuja na njia yake ya kufanyia kazi, kwenye toleo la 2010 ilikuwa `$(SystemDrive)\Builds\$(BuildAgentId)\$(BuildDefinitionPath)`. Hivyo vitu vya kwenye mabano vinajazwa na namba ya ajenti na jina la definisheni, kwa hiyo kila definisheni inapata folda yake bila wewe kufikiria. Wiki ya kwanza tu bildi ikagoma. Windows ya wakati ule ina kikomo cha herufi 260 kwa njia ya faili, na sisi tulikuwa na jina refu la mradi, jina refu la definisheni, na projekti zenye majina ya nukta nne nne ambazo folda zake zinarudia jina zima. Mafaili kadhaa yakavuka.

Nikafanya jambo ambalo lilionekana la kawaida kabisa, nikafuta ile njia nikaandika `C:\Bildi`. Njia ikafupika, bildi ikapita, tukasahau.

Kwenye kumapu nikaweka mstari mmoja, `$/Mfumo` yote iende kwenye `$(SourceDir)`, ambayo kwa setingi yangu ilikuwa `C:\Bildi\Sources`. Yaani matawi yote, nyaraka zote, video zote. Mara ya kwanza kuvuta ilichukua kama dakika 40. Haikuniuma sana manake baada ya hapo zinakuja tofauti tu, na ili zibaki tofauti tu nikaweka usafi wa eneo la kazi kwenye `None`, yaani bildi isifute chochote kabla ya kuanza.

Mwezi wa tatu tukahitaji bildi ya Matengenezo. Mwenzangu akakopi definisheni ya Main, akabadilisha solusheni, akabonyeza. Ikaanguka hapo hapo na ujumbe unaosema eneo la kazi halikuweza kutengenezwa kwa sababu kumapu kumegongana, na kwamba huenda ukalazimika kufuta kwa mkono eneo la kazi la zamani. Bildi hutengeneza eneo lake la kazi lenye jina linalotokana na namba ya definisheni, namba ya ajenti na jina la mashine. Definisheni mpya, eneo jipya la kazi, lakini folda ni ile ile `C:\Bildi\Sources` ambayo imeshashikwa na Main. Seva ikakataa, na ilikuwa sahihi.

Yeye akasoma ujumbe akafanya ulivyosema, akafuta eneo la kazi la zamani kwa `tf workspace /delete`. Matengenezo ikapita. Nusu saa baadae dev mmoja akachekini (akapeleka mabadiliko yake kwenye seva) kwenye Main, bildi ya Main ikaanguka na ujumbe ule ule, safari hii eneo la kulaumiwa ni la Matengenezo. Akafuta hilo. Main ikapita, ikafuata Matengenezo kuanguka.

Baada ya siku tatu za hivyo akaandika skripti ndogo akaiweka kwenye kazi za ratiba za Windows, kila dakika 15 inaangalia kama hakuna bildi inayoendelea, halafu inafuta maeneo yote ya kazi ya ile akaunti kwenye ile mashine. Nilimshukuru. Nasema hivi bila kumlaumu kwa sababu nilikaa pembeni yake akiiandika na mimi mwenyewe nikaona ni suluhisho.

Kitu ambacho hatukukifikiria ni kwamba amri hiyo inafuta kumbukumbu ya seva tu. Mafaili ya kwenye diski yanabaki. Mafaili yaliyo kwenye seva yatavutwa upya na kuandikwa juu yake, sawa, lakini vitu vilivyozaliwa na bildi, zile .dll (maktaba zilizokwisha kubildiwa) kwenye `C:\Bildi\Binaries` na masalia ya folda ya muda `obj`, hivyo seva haivijui wala haivigusi. Na usafi tulishaweka `None`. Kwa hiyo kila bildi ya Matengenezo ilikuwa inaanza kazi juu ya mabaki ya Main, na Main juu ya mabaki ya Matengenezo.

Hapo hapo kati, dev mmoja alikuwa anapanga upya folda kwenye tawi la Matengenezo, akasogeza projekti tatu ngazi moja ndani. Kwenye faili la projekti, rejea ya maktaba yetu ya mahesabu ilikuwa na `HintPath` (njia ya kuonyesha maktaba iko wapi) ya kurudi nyuma, `..\..\Pamoja\...`, na baada ya kusogeza ilitakiwa iongezewe `..\` moja. Mbili zilirekebishwa, moja ikasahaulika. Kwenye mashine yake ilibildi vizuri.

Ilibildi vizuri na kwenye seva. MSBuild (programu inayobildi yenyewe) ikitafuta rejea haiangalii `HintPath` peke yake, ina orodha ya sehemu za kupitia kwa mpangilio, na mwisho kabisa wa orodha kuna `$(OutDir)`, folda ya matokeo yenyewe. Njia ya `HintPath` haikuwa na kitu, ikapitia kwingine, haikukuta, ikafika `$(OutDir)` ikakuta .dll yenye jina lile lile imelala pale. Ikaichukua. Rejea yetu haikudai toleo mahsusi kwa hiyo lolote lilifaa. Ile dll ilikuwa ya Main.

Bildi kijani (yaani imepita), testi kijani (testi za projekti ile zilikuwa chache mno), na kifurushi cha marekebisho kikaenda kwa wateja.

Siku ya pili simu zikaanza. Ripoti za jumla zilikuwa zinatofautiana na za mwezi uliopita kwa desimali ya mwisho. Kwenye Main tulikuwa tumebadilisha namna ya kuraundi, mabadiliko halali kabisa ambayo yalitakiwa yatoke na toleo kubwa lijalo pamoja na maelezo kwa wateja. Yalitoka mapema, bila maelezo, ndani ya toleo ambalo kwenye orodha ya mabadiliko yake hakuna hata mstari unaogusa mahesabu. Watu wa wateja walikaa kulinganisha karatasi kwa mkono wakidhani wao ndo wamekosea. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko yote.

## Tulivyoligundua

Tulianza na kodi, tukapoteza siku nzima. Tulisoma kila chenjiseti (furushi la mabadiliko ya chekini moja) iliyoingia Matengenezo tangu toleo lililopita na hakuna kilichogusa kuraundi. Mtu wa kutesti ndo alifungua kifurushi chenyewe akaangalia namba ya toleo ya kila dll moja moja kwenye sifa za faili. Mafaili 52 yalikuwa na namba ya Matengenezo, moja likawa na ya Main.

Hapo nikatengeneza folda mpya tupu kwenye mashine nyingine, nikavuta Matengenezo peke yake, nikabildi. Ikaanguka papo hapo, rejea haipatikani. Nakumbuka nilifurahi kuona nyekundu ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza mashine ilikuwa inatuambia ukweli kuhusu kodi yetu.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa haraka: kurekebisha `HintPath`, kubildi toleo kwenye ile folda mpya, kulinganisha namba za dll zote, kutuma upya kwa wateja na barua ya kueleza hasa nini kilitokea. Kulikuwa na mjadala kama tueleze kwa undani au tuseme tu kuna marekebisho. Tukaeleza.

Kuhusu mashine ya bildi mapendekezo yalikuwa matatu. La kwanza, tubaki na `C:\Bildi` ila usafi uwe `All`, kila bildi ifute kila kitu ivute upya. Rahisi, lakini kila mtu akichekini anasubiri dakika 40, na siku tukiongeza ajenti ya pili kwenye mashine ile ugomvi wa folda unarudi. La pili, kila tawi lipewe mashine yake. Hilo lilikuwa zuri, bajeti ya mashine haikuwepo wakati ule, na kusema kweli lingeficha tatizo tu, manake ndani ya mashine moja bado definisheni mbili za tawi moja zingegongana.

La tatu ndo tulilochukua, kila ajenti na kila definisheni iwe na folda yake, kama ilivyokuwa mwanzo kabla sijaigusa, ila kwa njia fupi. Tukahamia diski ya D na kuandika:

`D:\b\$(BuildAgentId)\$(BuildDefinitionId)`

Badala ya jina la definisheni ikawa namba yake. Njia ikawa kitu kama `D:\b\2\17`, herufi tisa tu, na zile 260 zikatutosha kabisa. Laiti ningejua siku ile ya kwanza kwamba `$(BuildDefinitionId)` ipo, kisa hiki kisingekuwepo.

Halafu ikaja kumapu. Kwa Matengenezo tuliandika:

`$/Mfumo/Matengenezo` kwenda `$(SourceDir)\Matengenezo`
`$/Mfumo/Pamoja` kwenda `$(SourceDir)\Pamoja`
`$/Mfumo/Zana` kwenda `$(SourceDir)\Zana`
`$/Mfumo/Matengenezo/Michoro` ikafichwa kwa `cloak` (isivutwe)

Tulitunza umbo lile lile la folda kama lilivyo kwenye seva, `Pamoja` ikae jirani na `Matengenezo`, kwa sababu rejea zote za `..\` zinategemea ujirani huo. Hapa wengi wanakosea, wanamapu kila folda sehemu inayowapendeza kwenye diski halafu wanashangaa kwamba bildi inapita kwa dev haipiti kwenye seva. Ukimapu folda ya juu, zote za chini yake zinakuja pamoja nayo mpaka uzifiche, kwa hiyo tulikubaliana kumapu kile tunachohitaji tu na kuficha vichache, kuliko kumapu mzizi wote na kuficha ishirini. Maana folda mpya ikiongezwa kwenye mzizi kesho hakuna atakayekumbuka kuja kuificha.

Usafi tuliugawa. Bildi ya kila chekini tuliiacha `Outputs`, inafuta matokeo ya bildi iliyopita ila haivuti kodi upya. Bildi ya usiku na bildi yoyote ya toleo la kwenda kwa wateja ikawa `All`, bila mjadala.

Skripti ya kufuta maeneo ya kazi tuliitoa. Kabla ya kuitoa tuliendesha `tf workspaces /computer:` na jina la mashine pamoja na `/owner:*` tuone nani anashika nini pale. Tukakuta maeneo 11. Manne yalikuwa ya bildi. Mawili yalikuwa yangu, ya siku nilipoingia kwenye mashine kutafuta kosa fulani nikamapu folda nikaondoka. Matano yalikuwa ya akaunti ya mtu ambaye alishahama timu, kwa sababu huduma ya bildi hapo zamani ilikuwa inaendeshwa kwa akaunti yake binafsi kabla hatujatengeneza akaunti ya huduma. Ukibadilisha akaunti inayoendesha ajenti, maeneo ya kazi ya akaunti ya zamani hayaondoki yenyewe, yanabaki yameshika folda zile zile. Kuyafuta kulihitaji ruhusa ya kusimamia maeneo ya kazi ya watu wengine, ambayo mimi sikuwa nayo, ikabidi msimamizi wa seva afanye.

Mwisho tukaweka sheria kwamba hakuna mtu anayemapu chochote kwenye mashine ya bildi kwa mkono. Ukitaka kuchunguza, soma logi, au rudia kwenye mashine yako kwenye folda tupu.

## Matokeo

Kuvuta kodi mara ya kwanza kulishuka kutoka kama dakika 40 hadi chini ya 6, karibu yote ikiwa ni kwa sababu ya kuacha Nyaraka nje. Ujumbe wa kumapu kugongana haukuonekana tena, hata tulipoongeza ajenti ya pili.

Siku ya kwanza ya mpangilio mpya bildi tatu kati ya nne zilianguka. Zote kwa sababu halali, rejea zilizokuwa zinaishi kwa mabaki. Moja ilikuwa inachukua dll kutoka kwenye projekti iliyofutwa kwenye seva miezi miwili nyuma. Tulichukua siku mbili kuzisafisha, na meneja alikuwa na wasiwasi kwamba tumeharibu, nikamwonyesha kwamba zilikuwa mbovu tangu zamani na tofauti ni kwamba sasa tunaona.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Folda ya peke yake kwa kila ajenti na definisheni ndo kitu kilichobeba mengine yote. Eneo la kazi ni makubaliano kati ya kumbukumbu ya seva na diski, na makubaliano hayo yanashikilia tu kama hakuna mwingine anayeichezea diski. Mara bildi ya pili inapoingia, au mtu anapoingia, kumbukumbu ya seva inageuka kuwa dhana.

Kubana kumapu kulisaidia kasi, lakini faida kubwa zaidi sikuitegemea. Kwenye mfumo huu folda zilizomapiwa kwenye definisheni ndo zinazoamua pia chekini ipi inaamsha bildi, na chenjiseti zipi zinahesabiwa kuwa ni za bildi ile. Zamani mtu akibadilisha mchoro kwenye Nyaraka bildi zote mbili zilikuwa zinaamka. Orodha ya mabadiliko ya Matengenezo ilikuwa imejaa chenjiseti za Main kiasi kwamba hakuna aliyekuwa anaisoma. Baada ya kubana, orodha ikawa fupi na watu wakaanza kuisoma kabla ya kutoa toleo.

Na kutofautisha usafi kwa aina ya bildi kulituepusha na vita vya kasi dhidi ya usahihi. Dev anataka jibu la haraka akichekini, ni haki yake. Mteja anataka kitu kilichojengwa kutoka kwenye kodi tu bila mabaki. Hizo ni kazi mbili, na setingi zao hazina sababu ya kufanana.

## Uchambuzi: kilichofeli

Kwanza, ile siku ya 260. Nilikuwa na tatizo la urefu nikalitatua kwa kuondoa utofauti. Vile vitu viwili vilivyokuwa kwenye njia, namba ya ajenti na definisheni, havikuwa mapambo, ndo vilikuwa vinatenganisha kazi, na mimi nikaviona ni herufi za ziada. Sikuuliza kwa nini njia imeandikwa hivyo. Ungeniuliza wakati ule ningekujibu tuna definisheni moja tu, na ningekuwa sahihi kwa miezi miwili.

Pili, kuutii ujumbe wa kosa bila kuusoma wote. Ulisema maeneo mawili yanagongana, halafu ukapendekeza kufuta la zamani. Pendekezo hilo linafaa pale ambapo la zamani limekufa. Letu lilikuwa hai, linatumika kila nusu saa. Skripti yetu ilikuwa inafuta kila dakika 15 ishara pekee tuliyokuwa nayo kwamba mpangilio ni mbovu.

Tatu, tulifeli hata kwenye marekebisho. Mwenzangu mmoja wakati wa kubana kumapu aliificha `Zana` kwenye definisheni ya usiku akidhani ni vifaa vya madevelopa tu, kumbe mle ndani kulikuwa na funguo ya kusaini dll. Hiyo ilianguka wazi, tukarudisha, hakuna madhara. Lingine lilikuwa la kimya zaidi. Definisheni moja ya Main haikumapiwa `Pamoja` kabisa, kwa sababu projekti zake zilikuwa zinatumia dll za Pamoja zilizokopiwa ndani ya Main. Kwa hiyo mtu akirekebisha Pamoja bildi ile haiamki, inabaki kijani ya jana, na watu wanaamini kijani ile. Ilipita wiki nzima. Tulipoligundua tuliacha kukopi dll tukamapu Pamoja yenyewe.

Nne, namba zisizosomeka. `D:\b\2\17` haimwambii mtu chochote. Tulipofuta definisheni za zamani folda na maeneo yao ya kazi yalibaki, na hakuna aliyethubutu kuyafuta kwa sababu hakuna aliyejua 17 ni nini, diski ikajaa mpaka bildi zikasimama asubuhi moja. Sasa kila bildi ikianza inaandika faili dogo la maandishi ndani ya folda yake lenye jina la definisheni na tarehe, na mwisho wa mwezi mtu anapita kufuta zile ambazo definisheni zake hazipo, anaanza na eneo la kazi kwenye seva ndo anamalizia na folda.

## Baada ya kuhamia Git

Miaka kadhaa baadae timu ilihamia Git na ajenti za kizazi kipya, ambazo zinajipa folda zenyewe, `_work\1\s`, `_work\2\s` na kuendelea, s ikiwa ni kwa ajili ya kodi. Kugongana kwa folda kulikwisha. Na kwa kuwa kumbukumbu ya Git inakaa kwenye `.git` ndani ya folda ile ile, ukifuta folda umefuta na kumbukumbu, haviachani tena kama zamani.

Wengi wakadhani hadithi ya mabaki imeisha. Haijaisha. Mtu aliandika hatua ya usafi kwa `git clean -fd`, na amri hiyo bila `x` haigusi mafaili yaliyotajwa kwenye `.gitignore` (orodha ya vitu ambavyo Git haivifuatilii), ambayo ni nini? Ni `bin` na `obj`, yaani yale yale yaliyotuponza. Ikaonekana ndani ya siku nne kwa sababu tulikuwa tumebakiza zoea moja kutoka kwenye kisa hiki: kila Jumapili usiku bildi ya toleo inakimbia kwenye folda ambayo haijawahi kuwepo, halafu dll zake zinalinganishwa namba kwa namba na za bildi ya mwisho ya wiki. Jumatatu ile moja haikulingana. Tuliongeza `x`, tukarudia, zikalingana.